Haki ya Asiyedai



Kule Lubumbashi kuna mtaa unaoitwa Golf. Wachezaji wa gofu husema kuzunguka mashimo 18 kunachukua kama masaa manne. Hapa Base wengi wetu hatujashika fimbo ile. Sisi tuna mpira na mazungumzo chini ya mwembe. Lakini swali ni lile lile: masaa hayo yametolewa kwa nani?

Mchezo si dhambi, na mwili una haki ya kupumzika. Ila tazameni wiki yenu. Mkubwa wa kazi akikukosa atakuita. Rafiki atabisha hodi. Wenzako watakungoja uwanjani. Mtoto hadai kitu, analala tu kabla hujarudi. Basi ndiye anayepunjwa.

Salman (r.a.) alipomtembelea Abu Dardaa (r.a.) alimkuta mkewe amejiacha, hana hata vazi zuri, maana mume mchana anafunga, usiku anasali. Salman akamkumbusha kuwa watu wa nyumbani wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada ya sunna haikuachiwa kula haki ya mke, mpira wa Jumapili utapata wapi ruhusa?

Leo tukitoka msikitini, wengine tutapitia kwanza kwa marafiki. Mwandishi naye yumo.