Bakora ya Chuoni na Afya ya Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Eldoret, katika darsa letu liliulizwa swali: Je, bakora apigwayo mtoto chuoni humdhuru hata baada ya alama zake kutoweka?

Jawabu ni kuwa humdhuru. Mwaka 1998 matabibu wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walitangaza uchunguzi wao juu ya maelfu ya watu wazima wa California. Waliwauliza yaliyowapata utotoni: kupigwa, kutukanwa, kumwona mama akipigwa, na mfano wa hayo. Wakaona kuwa kila masaibu yalivyozidi, ndivyo yalivyozidi ukubwani maradhi ya moyo na mapafu, huzuni na ulevi. Mtoto akiogopa, moyo humwenda mbio na mwili hutoa homoni za kujihami. Hofu ya saa moja hupita. Ya kila siku huuchakaza mwili ungali unakua.

Wala msiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa Uasin Gishu, tangu 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa ng'ambo wamewafuatilia mayatima walio kwa jamaa, walio katika makao, na walio njiani. Na watoto walioyaona ya Kiambaa tarehe 1 Januari 2008, kanisa likiteketea na watu wamo ndani, leo ni watu wazima.

Mtume (s.a.w.) alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya Al-Aqra bin Habis, aliyejigamba kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, akamjibu kuwa asiyerehemu harehemewi. Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu utotoni, wala hakusikia kwake hata neno la kukereka.

Wako watakaoleta hadithi ya kumpiga mtoto wa miaka kumi kwa ajili ya Sala. Vyema! Na waanze na ile miaka mitatu ya kumwamrisha tangu saba, bila ya kumgusa. Kisha wakumbuke kuwa wanavyuoni wameshurutisha kipigo kisichoumiza. Mtoto wa miaka mitano apigwaye kwa kukosea herufi anaingia wapi humo? Katiba ya 2010 nayo imekataza adhabu ya viboko.

La ajabu zaidi, mtoto huyo akianza kushtuka usiku, hufungwa hirizi kwa kudaiwa jini, na hapana amwulizaye yaliyompata chuoni.

Walimu wenye hoja juu ya haya twawakaribisha darsani Jumamosi, baada ya Sala ya Alasiri.