Aliyelala Usimwamshe

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Mwaka wake wa kwanza kazini alipangiwa chumba cha kuzindukia, pale mgonjwa anapokaa akitoka thieta kabla ya kurudishwa wodini. Jioni moja nikiwa jikoni kwake, yeye anakata sukuma, aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri.

"Nikijua mtu yuko hatarini, ninyamaze, halafu asidhurike, nimefanya kosa ama sijafanya?"

Nikamwambia anieleze kwanza.

Ilikuwa zamu ya usiku. Mama mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Alikuwa amedungwa mofini ya maumivu na kuvalishwa barakoa ya oksijeni. Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kwenye damu kilionyesha asilimia 98. Namba safi. Lakini Dada alikuwa amefunzwa asiangalie mashine peke yake, aangalie kifua pia, na ahesabu. Akahesabu dakika nzima. Pumzi 8. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Akarudia, bado 8. Akimwita mama anafungua macho kidogo, kisha anayafunga.

Daktari akapita, akaitupia mashine jicho. "Tisini na nane, yuko sawa. Mpeleke wodini. Akilalamika maumivu, aongezewe dawa."

Sasa, kile kibanio hupima oksijeni, hakipimi kupumua. Mtu akipewa oksijeni ya ziada, anaweza kupumua polepole mno na namba ikabaki juu kwa muda mrefu. Wakati huo kaboni dayoksaidi inajazana kwenye damu, na ikizidi inamwongezea usingizi. Namba ikianza kushuka, hatari ilishaingia kitambo. Dada alijua haya yote. Alikuwa ameyaandika kwenye mtihani na akapita.

Hakusema. Aliandika "8" kwenye chati, akitumaini mtu mwingine angeisoma. Akamsukuma mama hadi wodini, akamkabidhi, na asubuhi akapanda matatu kwenda nyumbani. Usingizi ukakataa. Saa sita mchana akapiga simu wodini, akijifanya anaulizia faili. Mama alikuwa ameamka na alikuwa anaitisha uji.

"Alikunywa uji," Dada akaniambia. "Kwa hivyo?"

Jibu la haraka ni kwamba kama hakuna aliyeumia, hakuna kosa. Ndivyo wengi wetu tunavyoishi. Dere wa matatu anayepita kwenye kona bila kuangalia huitwa mjuaji mpaka siku atakayokutana na lori. Halafu ghafla tunamwita muuaji, na alichofanya ni kile kile cha jana. Kilichobadilika ni lori.

Kuna kisa kinachojulikana sana kwa watu wa ganzi na thieta. Mwaka 2005 huko Uingereza, mama wa watoto wawili, Elaine Bromiley, aliingia hospitalini kwa upasuaji mdogo wa pua. Alikuwa na miaka 37 na afya yake ilikuwa nzuri. Alipolazwa kwa nusukaputi, madaktari wakashindwa kumfungulia njia ya hewa. Oksijeni ikashuka hadi asilimia 40. Madaktari waliokuwa pale walikuwa wazoefu. Wakajaribu kupitisha mpira kooni, ukakataa, wakajaribu tena, na tena. Dakika zikaenda. Ubongo haungoji. Ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, unaanza kufa.

Ikifika hapo, mafunzo yanasema uache koo, ufungue njia ya hewa kupitia shingoni. Muuguzi mmoja aliliona hilo. Akaleta vifaa vya kutoboa shingo na kuwaambia madaktari kwamba viko tayari. Hawakumjali. Mwingine akaenda kutafuta kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, akarudi kuwaambia kimepatikana. Wakamwangalia kama mtu anayetia chumvi. Akaenda akakiachilia kile kitanda. Elaine hakuzinduka. Alifariki siku 13 baadaye.

Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Alitaka kuelewa zaidi kuliko alivyotaka mtu afungwe, na mwaka 2007 alianzisha kundi la kusukuma mabadiliko katika namna watu wa thieta wanavyofanya kazi pamoja. Katika kuulizauliza kwake, jambo moja lilijitokeza. Wauguzi wawili walikuwa wanajua kabisa kilichohitajika. Hawakujua namna ya kukisema.

Nilipomsomea Dada habari hiyo, aliweka kisu chini. Nadhani aliona nilichokiona mimi. Baina yake na wale wauguzi, tofauti ni kikombe cha uji. Yeye aliandika 8 kwenye chati, wao walileta vifaa na kitanda. Wote walidokeza. Walimwachia mtu mwingine amalizie sentensi.

Na kudokeza tumelelewa nako. Nyumbani, mtoto hamwambii baba kwamba amepotea njia. Anauliza, "Baba, hii barabara inaelekea wapi?" Ni adabu, na sina neno nayo. Adabu hiyo imeokoa ndoa nyingi na mikutano mingi ya ukoo. Lakini dokezo lina siri yake: linamlinda anayelitoa. Mambo yakiharibika, atasema, si niliandika? Yakienda sawa, hakuna aliyekasirika. Ndiyo maana dokezo halina gharama, na ndiyo maana mkubwa mwenye mikono imeshika kazi anaweza kulipita bila hata kulisikia.

Thieta ina jambo moja la ajabu. Mashine nyingi za kusoma oksijeni hutoa mlio kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikishuka, mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Huhitaji kuangalia skrini. Daktari anausikia, muuguzi anausikia, anayepiga deki mlangoni anausikia. Hakuna mwenye cheo mbele ya mlio ule. Ujuzi umegawiwa wote sawa. Kilichogawiwa kwa upendeleo ni ruhusa ya kufungua mdomo.

Utaniuliza, kwa nini mzigo huu umwangukie mdogo kabisa chumbani? Msichana wa miezi mitatu kazini, mkataba wa muda, kodi ya nyumba inamngoja, akaanze kumsahihisha daktari mbele za watu? Swali ni la haki. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye matatu ya usiku, kila abiria ameshika kiti cha mbele, macho yametoka, dere anapita malori kwenye mlima, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Dere, punguza mwendo." Tulikuwa 14. Tulijua wote. Kila mmoja aliogopa kuitwa mwoga. Nani mimi kumhukumu Dada?

Lakini mle ndani ya matatu nilikuwa macho. Ningeweza kugonga bati na kushuka. Yule mama wa zamu ya usiku hakuwa na uwezo huo. Tunasema asiyekuwepo na lake halipo, na mtu aliye kwenye nusukaputi yupo na hayupo. Mwili umelala hapo katikati, chini ya taa, lakini mwenyewe ameondoka. Hawezi kusema hapati hewa. Sauti yake ameiacha mikononi mwa waliobaki macho, bila kuwajua majina. Kwa hivyo naona kwamba muuguzi akinyamaza, kimya kile si chake peke yake. Amenyamaza pia kwa niaba ya mtu ambaye angepiga kelele kama angeweza.

Hapo ndipo ninaposema kosa lilikuwepo, uji au bila uji. Ila sisemi ni la Dada peke yake. Mwenye kujua ana deni la kusema. Mwenye mamlaka naye ana deni la kufanya kusema kusiwe na bei kubwa, na deni hili la pili ndilo zito zaidi. Daktari aliyepita pale hakumkataza Dada kuongea. Hakumpa nafasi tu, na hakuwa anajua jina lake.

Jambo la majina linaonekana dogo, lakini Shirika la Afya Duniani lililiweka ndani ya orodha yake ya usalama wa upasuaji, ya mwaka 2008. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliye thieta ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mmoja wao Ifakara, kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi, kuanzia dawa hadi kuhesabu vitambaa, na siwezi kusema majina ndiyo yaliyoleta tofauti. Ila mtu aliyekwisha kusikika mara moja chumbani, ni rahisi kidogo kwake kusikika mara ya pili.

Kuna methali ambayo bibi yetu aliipenda: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nilimkumbusha Dada, nikitaka kumchekesha. Hakucheka. Akaniambia wiki iliyopita alipata mgonjwa mwingine, kijana aliyefanyiwa upasuaji wa mguu, namba 97 na kifua kinachokwenda polepole. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nikamwambia, daktari, anapumua mara 7 kwa dakika. Simpeleki wodini akiwa hivi."

"Akasemaje?"

"Alikasirika." Akarudi kwenye sukuma. "Lakini alirudi, akahesabu na yeye."

Sikumuuliza kama kijana alipona.