Mkojo Usiotii Baada ya Kiharusi

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi hii namkumbuka mzee aliyepona kiharusi, lakini haendi tena ibadani, kwa sababu mkojo humtoka kabla hajafika chooni.

Kiharusi hudhuru ubongo, na ubongo ndio unaoamuru kibofu kisubiri. Amri ikilegea, mkojo hutoka bila ridhaa. Hiyo si aibu, wala si utoto. Ni ugonjwa, na una msaada.

Mwaka 1948, daktari Mmarekani Arnold Kegel alichapisha mazoezi ya misuli ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini. Wanaume kwa wanawake huyafanya. Kaa au lala. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja. Hesabu hadi tano, kisha legeza kwa muda uleule. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usibane pumzi wala makalio. Matunda huonekana baada ya wiki kadhaa, pengine miezi mitatu.

Wewe unayemuuguza, usimnyime maji. Mpeleke chooni kwa saa maalumu, hata kabla hajaomba. Mkojo ukiwasha, ukiwa na damu au ukigoma kutoka, nendeni hospitali. Mwambieni pia mtaalamu wa fiziotherapia awaelekeze.

Mgonjwa wetu anastahili heshima yake yote. Leo, muulize kuhusu mkojo wake kwa upole, tena faraghani.