Darsa la siku ya 2: Aliyeacha pombe juzi



Nasaha ya leo ni ya watu wawili: aliyekunywa mpaka usiku wa vunja jungu kisha akaweka chupa chini kwa heshima ya mwezi huu, na yule anayekaa naye nyumba moja. Wengine nanyi someni, maana hamjui aliye safu ya nyuma yenu ana hali gani. Na nimeiwahisha siku ya 2 kwa sababu, mtaiona.

Kwenye hukumu hatuna mjadala. Pombe ni haramu, nyingi na chache, ya kiwandani, gongo, na tembo la mnazi lililochacha. Aya ya 90 na 91 za Suratul Maida zimefunga mlango huo. Madaktari wamechukua muda kidogo. Mwongozo wa Canada wa mwaka 2011 uliwaambia wanaume wasizidishe vinywaji 15 kwa wiki na wanawake 10. Mwongozo mpya wa Januari 2023 ukashuka mpaka viwili kwa wiki, kwa yeyote. Mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani likasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Na tangu 1988 taasisi yake ya utafiti wa saratani imeiweka pombe katika kundi la vitu ambavyo kuleta kwake saratani hakuna shaka.

Alhamdulillah, sisi hatukungoja 2023. Lakini tusijisifu sana jamani. Kujua hukumu ni kitu kimoja, kumtoa mtu kwenye chupa ni kitu kingine, na hapo ndipo tunapomwachia mwenzetu apambane peke yake.

Sikilizeni jinsi mwili unavyofanya kazi. Pombe hupoza ubongo. Anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake hujiongezea moto ili ubaki macho. Sasa ukiiondoa pombe kwa ghafla, ule moto unabaki peke yake. Vijana wanaita arosto. Ndani ya masaa 6 mpaka 24 tangu kinywaji cha mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Baadhi yao, ndani ya siku mbili za mwanzo, hupata degedege kama la kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne, wachache hufika pabaya zaidi: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo na kuongea nao. Hatua hiyo isipotibiwa huua.

Sasa piga hesabu. Kinywaji cha mwisho ni usiku wa vunja jungu. Leo ni siku ya 2. Masaa ya hatari zaidi yanaanza usiku wa leo, mpaka keshokutwa.

Si kila mnywaji yuko hapo. Wewe unayekunywa Jumamosi na rafiki zako, mkono wako hautetemeki, huna udhuru wowote: acha, tubu, funga. Ninayemzungumzia ni yule ambaye asubuhi lazima azimue ndipo aweze kushika kikombe cha chai, au aliyewahi kuanguka degedege mara ya mwisho alipojaribu kuacha. Huyo asiache peke yake chumbani, na wala asifungiwe ndani na kaka zake wakisubiri imtoke. Apelekwe kituo cha afya leo, kabla hajazidiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya kawaida vya nchi kama zetu unataja tiba yenyewe: dawa za jamii ya diazepam kwa siku chache, chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1. Mkifika semeni ukweli kwamba ni pombe, na ameacha lini. Mkisema "ana malaria tu" kwa kuona aibu, atapewa dawa ya malaria. Na diazepam msimnunulie wenyewe duka la dawa, maana ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi.

Kuna jambo naliona karibu kila Ramadhani. Siku ya tatu au ya nne familia inakuja msikitini: "Shekhe, kijana kapandisha, anaona watu." Mashetani si wamefungwa mwezi huu? Basi niulizeni kwanza alikuwa anakunywa nini wiki iliyopita. Kisomo hatukikatai, Qur'an ni shifaa. Msomeeni, lakini msomeeni ndani ya gari mkiwa njiani kwenda hospitali.

Najua mtauliza: je, anywe kidogo kidogo mpaka mwili uzoee? Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mtu aliyetaka kutengeneza pombe kwa ajili ya dawa, akamjibu kuwa hiyo si dawa, ni ugonjwa. Na Allah ametutosheleza: dawa ya hospitali ipo, na si pombe. Ndiyo maana nasema njia ni ya kituo cha afya, si ya kilabuni, wala si ya kujifungia chumbani.

Na swaumu je? Mgonjwa ana ruhusa, Suratul Baqara aya ya 185 iko wazi: atalipa siku nyingine. Daktari akisema anywe maji na dawa mchana, anywe. Kutapika na kutoka jasho kunakausha mwili, na kiu ya mchana mzima inamzidishia. Mama, usimwambie mwanao "vumilia, adhana inakaribia" na huku anatetemeka kitanda kizima. Akianguka degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni.

Limebaki la siku arobaini. Wengi wanaacha kufunga kabisa kwa sababu wamesikia kwamba aliyekunywa swala yake haikubaliwi siku 40, basi wanaona wamechelewa, bora wangoje mwaka kesho. Hadithi ipo, lakini wanaisimulia nusu. Hadithi hiyo hiyo inasema akitubu, Allah anapokea toba yake. Na wanazuoni wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu, faradhi haijamwondokea. Kwa hiyo aliyekunywa juzi akatubu jana, leo ni mfungaji kama mimi na wewe.

Akija msikitini, mpisheni kwenye safu. Katika Bukhari kuna habari ya sahaba aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) kwa kosa la ulevi zaidi ya mara moja. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa jinsi alivyorudia rudia. Mtume akakataza asilaaniwe, akasema anachojua ni kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu alipewa, lakini hakulaaniwa. Nasi tuna watu wetu tumewabandika majina ya ulevi, na tunawaita kwa majina hayo hata kwenye futari.

Mwenye mtu wa hali hii nyumbani asisubiri kesho. Kama nauli ni tatizo, au mnaona aibu kwenda peke yenu, baada ya tarawehe leo mnione kwenye chumba cha madrasa. Nitakuwepo mpaka saa 5 usiku, na tutakwenda pamoja. Aliyezidiwa asingoje tarawehe.

Kesho inshaallah: mwenye kisukari na daku yake.

Wabillahi tawfiq.