Faida Ndogo Si Hasara

Andiko: 1 Timotheo 4:8, 1 Wafalme 19:3-12

Andiko hili la Timotheo wengi tunalitumia vibaya. Ukimwambia mtu afanye mazoezi, anajibu, "Pasta, si Paulo alisema hayana faida?" Hapana. Paulo alisema utauwa una faida kubwa zaidi. Ya mwili akaiita ndogo. Mimi nilisomea biashara, na faida ndogo si hasara. Muulize mama mboga wa Kongowea: shilingi chache kwa kila fungu, zikija kila siku, ndizo zinasomesha watoto.

Basi tuihesabu, maana wengi tunadhani mazoezi ni ya kupunguza kitambi tu.

Kwanza, sukari. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imelegea. Kwa hivyo ukimaliza wali wako wa nazi, usikimbilie kochi. Tembea kidogo.

Pili, moyo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Dereva ameketi, kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi madereva. Jamani, na gari ni moja!

Tatu, na hapa tukae: moyo ulioinama. Mazoezi ya kila mara hupunguza huzuni nzito na wasiwasi, na huleta usingizi. Wangapi huja mbele na kusema, "Pasta niombee, silali"? Nitakuombea. Lakini mtazame Elia chini ya mti, amechoka hadi anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mara mbili, kisha Elia akainuka akatembea siku 40 mpaka Horebu. Huko ndiko alikoisikia ile sauti ya upole. Mwili wa nabii ulihudumiwa kwanza.

Kwa hivyo tusimwambie kila mwenye huzuni kwamba ana pepo, au hana imani. Aombe, amuone daktari, na atembee. Mwenye dawa asiziache, na mwenye shida ya moyo aulize hospitalini kabla ya kuanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Gawanya: dakika 30, siku 5. Hulipii gym. Wa Changamwe, shuka matatu steji moja kabla ya kwako. Wa Likoni, ule mteremko wa feri uupande kwa haraka. Wa Kisauni, tokeni asubuhi kabla jua halijakuwa kali, wawili wawili.

Kazi ya wiki hii: katika ushirika wako wa nyumbani yuko mmoja aliyenyamaza siku hizi. Usimtumie ujumbe tu. Mpigie hodi, umwambie, "Twende tutembee." Njiani msikilize, na mkifika mwombe naye.

Mungu awabariki.