Picha ya Kilimia na Ushahidi wa Kweli

Jicho la mwanadamu ni shahidi anayestahili heshima, lakini si hakimu wa mambo yote. Likitazama Kilimia katika usiku usio na mbalamwezi, aghalabu huhesabu nyota sita au saba. Kumbe kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Wakulima waliolipa jina la kilimo hawakukosea: walitafuta majira, na majira waliyapata. Lakini atakaye kulijua kundi lenyewe hana budi kutafuta shahidi mwingine, na hapo ndipo swali huzaliwa: je, picha inayoonyesha kitu ambacho jicho halikukiona ni kweli au ni uzushi?

Swali hili si geni. Mwaka 1610 Galileo alichora nyota 36 za Kilimia kwa msaada wa darubini. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walikuta katika bamba lao la picha ukungu uliozunguka Maia, mojawapo ya nyota za kundi hilo, ukungu ambao macho hayakuwa yameutambua. Mwaka uliofuata ulionekana kwa darubini kubwa ya Pulkovo, nchini Urusi. Basi bamba halikuzua, lilitangulia kuona.

Leo kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa uani kwa kamera ya kawaida. Kamera huwekwa juu ya kitegemeo cha miguu mitatu, na lenzi ya milimita 50 hupokea mwanga kwa sekunde 5 tu. Kwa kuwa dunia huzunguka, muda ukizidi sana nyota hugeuka michirizi. Picha moja ya namna hiyo ni maskini: nyota chache katikati ya chenga nyingi. Lakini picha 100 zikilinganishwa na kuunganishwa, nyota hudumu mahali pake, na chenga, ambazo hutokea ovyo, hupungua hadi kama sehemu moja ya kumi. Ndivyo ulivyo ushahidi wa wengi: makosa ya mmoja hayafanani na makosa ya mwenzake, bali kweli hufanana.

Hata hivyo wingi peke yake si kinga. Taa ya jirani huzitia doa picha zote 100, na chembe mbovu ndani ya kamera huweka nukta ya bandia katika kila picha. Mashahidi mia wenye kosa moja ni sawa na shahidi mmoja. Dawa ya wapiga picha za nyota yafaa kufikiriwa na kila mtoa ushahidi: huifunika lenzi, wakapiga picha za giza kwa muda ule ule. Nukta ing'aayo daima katika giza hilo si ya mbingu, ni ya kamera, nayo huondolewa. Maana yake ni hii: kabla sijasema niliyoyaona, nijue kwanza yale ambayo ningeyasema hata kama nisingeona kitu.

Yupo atakayesema kwamba kuondoa na kuongeza ni mamoja, maana yote mawili hubadili picha. Sivyo. Kosa lililothibitishwa huondolewa kwa hoja. Pambo lililotamaniwa huongezwa kwa matamanio. Zipo programu ziwezazo kutia katika picha nyota na ukungu ambavyo kamera haikupokea. Picha hiyo yaweza kupendeza kuliko zote, na isiwe ushahidi wa chochote ila wa tamaa ya mwenyewe.

Mtihani mgumu huja pale kosa linapofanana na uzuri. Umande ukitanda juu ya lenzi, huizungusha kila nyota angavu kwa utusitusi unaofanana na ukungu wa Maia. Mpiga picha mwaminifu hapo huitazama Aldebaran, iliyo upande huo huo wa anga. Ikiwa nayo imevaa utusitusi ule ule, hana alichogundua ila umande. Jawabu tunalolipenda mno ndilo linalostahili kuhojiwa mno.

Nuru ya Kilimia husafiri zaidi ya miaka 400 hata kufika kwetu. Aipokeaye hadaiwi kuipamba; adaiwa kuieleza jinsi ilivyomfikia.