Uzito wa Robota

Mtu anayetaka kuijenga upya reli ya Tanga juu ya meza, kama ilivyokuwa mwaka 1955, anaweza kuanza na injini. Wengi huanza hapo, kwani injini ina moshi, ina sauti, ina magurudumu makubwa ya kupendeza. Mimi nilianza na mzigo. Nilitaka kujua behewa lililosimama Korogwe au Muheza asubuhi lilikuwa na nini ndani, lilipakiwa na nani, lilikuwa likienda kwa nani, na lingerudi na nini. Kazi hii haitaki haraka. Unakaa na ramani, unakaa na taarifa za zamani za reli, unakaa na wazee, na kila jibu linazaa swali. Kadiri ninavyoendelea nimeiona iko karibu sana na ibada: kukitazama kitu kimoja kidogo mpaka kikuambie kilikotoka.

Kipimo ninachotumia ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, njia yenye upana wa mita moja kati ya chuma na chuma inakuwa na milimita 12 hivi, na mtu mzima aliyesimama stesheni ana kimo cha sentimita 2. Robota la katani, ambalo kiwandani lilibanwa kwa mashine, likafungwa na kupimwa kilo 250, linakaa kwenye ncha ya kidole changu. Nimelichonga kwa mti laini na kulipaka rangi ya singa kavu, ule weupe ulioingia umanjano kidogo. Umbo lake linaridhisha. Ila halina uzito. Urefu, upana na kimo vyote vinatii kipimo, uzito unakataa. Nimeliweka mezani mbele yangu jioni nyingi, nikilitazama kwa sababu hiyo tu.

Jani la mkonge lina maji mengi na nyama nyingi. Singa iliyomo ndani yake ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Basi robota moja la kilo 250 linadai zaidi ya tani 6 za majani mabichi. Behewa likipakiwa marobota 80, hizo ni tani 20 za katani, na nyuma yake zipo tani 500 za majani. Jani likiwa na nusu kilo, hayo ni majani milioni moja, na kila moja limekatwa kwa kisu, kwa mkono, na mtu aliyeinama. Mkataji alilikata jani karibu na shina, akaukata na mwiba wa ncha, akayafunga majani 30 pamoja, akaanza tena. Mafungu zaidi ya 33,000 kwa behewa moja. Na treni haikuwa na behewa moja.

Wanaoisoma Qurani wanaifahamu aya ya 59 ya Surat al-An'am, inayozungumzia elimu ya Mwenyezi Mungu na jani linaloanguka. Nimeisikia tangu utotoni, na siku zote nilikuwa nikiwazia mwembe wa uani, majani makavu, upepo. Baada ya hesabu ya robota, aya ile imehamia kwangu shambani, kwenye mistari ya mkonge isiyokwisha kuanzia Pongwe hadi Ngombezi. Jani la mkonge haliangushwi na upepo. Linaangushwa na mtu, na mtu huyo ana jina, ana mama aliyemwacha kwao, ana kidole kilichochomwa na mwiba wiki iliyopita. Nikiamini kwamba jani linajulikana, siwezi kuamini kwamba aliyelikata amesahaulika. Hati za reli zinamtaja mpakiaji, mpokeaji, idadi na uzito. Daftari lenye majina ya wakataji wa majani yale milioni moja liko mahali pengine, na halina ukurasa uliochanika.

Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili Tanga. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandarini kwenda bara, na mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ya baharini iliiua karibu yote. Ilibaki hai 62. Miche hiyo 62 ikapandwa, ikazaa, na mashamba ya pwani yote yakatokana nayo. Reli nayo ikatambaa polepole: Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi miaka michache kabla ya Vita ya Kwanza. Namba ile 62 inanitia utulivu na inanitia hofu pia. Kama meli ingechelewa zaidi, huenda kusingekuwa na mche hata mmoja. Kusingekuwa na katani, na wala kusingekuwa na wanaume waliokufa mbali na kwao kwa ajili yake. Rehema na mateso vilipanda meli moja, vikateremka gati moja, na sijui kuvitenganisha.

Mkonge wenyewe ni mmea wa kustaajabisha. Hukatwa majani mwaka hadi mwaka, na hautoi ua. Unapokaribia mwisho wa umri wake unatoa mlingoti mmoja mrefu kuliko nyumba, ukabeba maua na vichipukizi juu kabisa, kisha unakufa. Hauchanui mara mbili. Shamba la zamani lililoachwa linajulikana kwa milingoti hiyo, na katika meza yangu nimeisimamisha michache pembeni ya njia, kwenye kitalu kilichochoka.

Nilipomtembelea mzee mmoja aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ujanani mwake, nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Nikamwuliza kuhusu mizigo: ilitoka lini kiwandani, ilifikaje stesheni. Yeye akaanza na maji.

"Ukitaka kuujua mkonge, fuata mto kwanza," alisema. "Korona bila maji ni chuma tu."

Akanieleza taratibu kazi ya korona, ile mashine ya kukwangua majani, akionyesha kwa mikono. Majani yanaingia upande mmoja yakiwa yamelala, ngoma zenye vyuma zinayaponda na kuyakwangua, maji yanamiminika muda wote kuosha nyama ya jani, na singa zinatoka upande wa pili zikining'inia, mbichi, zikichuruzika. Maji yaliyoingia safi yanatoka kijani, mazito, yananuka. Mgeni aliijua korona kwa pua kabla hajaiona. Utomvu uliwasha ngozi. Singa zikaanikwa juani kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikapangwa kwa daraja, ndipo zikafungwa robota. Aliposema "zikaanikwa" alinyanyua mikono yote miwili juu na kuishusha taratibu, kama anayetandika shuka, akairudia mara mbili tatu bila kusema neno. Nadhani mikono ilikuwa ikikumbuka yenyewe.

Niliporudi kwenye ramani niliona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakilipita. Viwanda vimejipanga kando ya mito. Reli yenyewe, ikitoka Korogwe kupanda kaskazini, inaandamana na bonde la mto Pangani, milima ya Usambara ikiwa kulia kwake. Maji yaliteremka kutoka misitu ya Usambara, yakaosha katani, yakaenda zake baharini na zile sehemu 96 za kila jani ambazo hakuna aliyezinunua. Sehemu 4 zilipanda treni. Anayechunguza historia ya mizigo huzikuta hizo 4, kwa sababu ndizo zilizopimwa na kulipiwa nauli. Kila nikifikiria 96 zilizokwenda na mto, nawakumbuka watu wengi ninaowajua ambao karibu kazi yao yote ya maisha haikupimwa na mizani yoyote: mama aliyelea, jirani aliyeuguza, mlinzi aliyekesha. Siamini kwamba mto una mahali pa kuzipoteza.

Mabehewa hayakuwa ya mkonge peke yake, na mengine nayataja kwa haraka. Kahawa iliteremka kutoka Moshi, ya wakulima wadogo wa Kilimanjaro waliokuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Mbao zilitoka Usambara. Kabla ya Vita ya Kwanza kulikuwa na waya uliokuwa ukizishusha kutoka Shume hadi Mkumbara, na reli nyembamba ya sentimita 75 kutoka Tengeni ikipanda Sigi. Yote hayo yanastahili meza yao.

Kwa miaka mingi reli hii ilikuwa peke yake. Iliunganika na ile ya Kenya kwa njia ya kutoka Voi hadi Kahe, iliyojengwa wakati wa Vita ya Kwanza kwa haja ya jeshi, lakini na reli ya kati ya Tanganyika haikuungana mpaka mwaka 1963, njia ya Ruvu na Mnyusi ilipokamilika. Kwa mjenzi wa reli ya mfano hilo ni jambo la kiufundi: linamwambia behewa gani linaweza kuonekana Korogwe mwaka 1955 na lipi haliwezi. Kwa manamba, vibarua wa mkonge walioajiriwa kutoka mbali, lilikuwa jambo la miguu. Wakulima wa mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na watu waliandikishwa Songea, Njombe, Kigoma, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Aliyetoka Kigoma alipanda treni ya reli ya kati, akashushwa, akaendelea kwa barabara au bahari, kwa kuwa chuma kilikatika. Alifika shambani akapewa kipande cha siku 30. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku aliyougua haikuhesabiwa. Na mshahara ulimngoja mpaka kipande kijae. Kulikuwa na waliokihifadhi kipande chao ndani ya nguo, karibu na mwili. Karatasi ile ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba walikuwepo.

Na katani ilikwenda wapi? Tanga meli zilitia nanga mbali na ufukwe. Marobota yalishushwa kutoka kwenye mabehewa, yakapakiwa kwenye matishari, yakavutwa hadi ubavuni mwa meli, yakanyanyuliwa. Mwaka 1942, Japani ilipoziteka Ufilipino na Java, kamba za majeshi ya washirika zilitegemea sana mashamba ya Afrika Mashariki, na watu walikamatwa kwa sheria kwenda kukata mkonge. Wakati wa amani, katani nyingi ilisokotwa kuwa kamba ya kufungia miganda ya ngano na nyasi za mifugo, Ulaya na Amerika Kaskazini. Mkulima wa huko aliikata kamba kwa kisu na kuitupa. Hakuwa na sababu ya kujua. Lakini mkate uliofika mezani kwake ulipitia Mnyusi, na aliyemwomba Mungu aubariki mkate ule alikuwa anambariki na mkataji wa mkonge, ajue asijue. Wazo hili limenifariji kuliko mengi niliyosoma. Baraka haihitaji hati ya mzigo ili ifike kwa mwenyewe.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha karibu tani 230,000 za katani. Baada ya hapo zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Treni nazo zilipungua mpaka zikanyamaza kwa muda, kisha mwaka 2019 zikarudi kupita kati ya Dar es Salaam na Moshi.

Katika meza yangu nimeweka kanuni. Robota halipakiwi kabla majani yake hayajafika. Toroli za shamba, zenye reli yao nyembamba isiyofika upana wa kidole kimoja, zinatoka kitaluni zikiwa zimejaa, zinaingia korona, zinarudi tupu, zinatoka tena. Toroli ikihesabiwa kubeba tani moja, zinahitajika sita na ya saba isiyojaa kwa robota moja. Vijana wa mtaani wanaokuja kutazama wanataka injini kubwa ipite kwa kasi, na ninaipitisha, lakini kwanza wanakaa na toroli. Mmoja wao, mtoto wa darasa la nne, sasa ndiye anayehesabu. Hakubali niibe hata moja.

Stesheni ya mkonge inahitaji behewa tupu kabla ya kuhitaji lililojaa. Kwa hiyo nimeyajenga matupu mengi, milango wazi, nayo nayathamini. Lakini si yote yaliyokwea kutoka Tanga yalikuwa matupu. Maelfu ya watu wasiolima chakula chao walitegemea posho ya kila wiki, na mzigo wa unga ukikwama njiani, kambi ililala na njaa. Behewa ninalolijenga sasa ni hilo la unga wa mahindi, na katika ratiba ya meza yangu limepewa nafasi ya mbele kuliko katani: likiwa njiani, treni ya marobota inasimama pembeni Muheza na kulipisha.